Samaki Aliyesingiziwa

Mama Magamba alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima, lakini fungu kubwa alimwekea shemeji yake. Mdogo huyo wa marehemu mumewe hakuwa na kazi nyingine ila kusimulia. Akipewa kikombe cha chai tu, anaanza: jinsi yule samaki mwenye meno ya msumeno, Mla-watu, alivyomrarua kaka yake mtoni, na jinsi yeye alivyopigana naye kwa mikono mitupu hadi ncha ya kidole ikaenda. Kidole chenyewe kilikatwa na kopo la maziwa. Nyumba nzima ilimwona akilia.

Mama Magamba alimuuza samaki huyohuyo sokoni na alimjua nje ndani. Mwoga kupindukia. Ukitia mguu mtoni, anatimka. Meno yake ni ya mizoga na ya samaki wagonjwa. Kila asubuhi mama huyu aliingia majini kuosha mabeseni, akatoka na miguu yake yote miwili. Wateja walimwona, wakatikisa vichwa, wakaenda kununua kuku. Watu wazima na ndevu zao.

Mwishowe kamati ya soko ikakaa kuamua kama meza yake iondolewe, maana ati inafukuza wanunuzi. Shahidi akawa nani kama si shemeji. Alisimama, akakohoa kama mheshimiwa, akamwaga hadithi yake yote, safari hii samaki wakiwa kundi zima. Mwenyekiti, mtu mwenye kitambi kikubwa na roho ya kifaranga, akafuta jasho.

Mama Magamba akaomba kusema. Miaka yote alinyamaza kwa ajili ya mama mkwe, na sasa mama mkwe hayupo. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyemwosha mumewe. Majeraha yalikuwa meupe, hayakutoa damu hata tone. Samaki walidonoa maiti.

Kisha akamgeukia shemeji.

"Samaki walimkuta ameshakufa. Wewe ulimwacha hai, amelewa, anatapatapa. Maji yale yananifika mimi kifuani, shemeji. Na ulikuja kunipa habari umevaa shati kavu, mkunjo wa pasi bado umesimama."

Mwenyekiti akamuuliza shemeji, kwa upole, kama siku ile aliingia majini.

Shemeji akatazama dirishani, akasema yeye ameitwa kuzungumzia samaki.