Mkate wa Mgonjwa

Miaka ile baada ya vita vya Uganda, mkate ulikuwa kitu cha kutafuta. Uliupata dukani kwa kujuana, na aliyempelekea mgonjwa mkate alionekana amemjali kweli. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kiruruma, mtu wa kidato cha nne, na sikutaka mke wangu aishi kwa ndizi na maharage tu kama tulivyolelewa. Asubuhi chai na mkate, Jumapili chapati. Niliamini huko ndiko kumtunza mke.

Alianza kuumwa baada ya kumzaa binti yetu. Tumbo lilimjaa gesi, akaharisha wiki kwa wiki, akatoka vidonda mdomoni, akakonda mpaka pete ikawa inamchomoka kidoleni. Zahanati walimpa dawa za minyoo, kisha za amiba, kisha za kuongeza damu. Ikafika hali ya kupumzika mara mbili akitoka kuchota maji. Ndugu zake wakaja kumchukua, wakampeleka kwa mama yake Kituntu auguzwe. Mtoto alikuwa ameshaacha ziwa. Nikabaki naye, dada yangu akanisaidia kumlea.

Kule alipona. Kwa mama yake walikula ndizi na maharage, siku nyingine dagaa, basi. Niliposikia mashavu yamerudi, nilifunga mikate miwili nyuma ya baiskeli nikaenda. Alikula mbele yangu ili nifurahi, akanisindikiza hadi barabarani akinitania kwamba sasa mimi ndiye niliyekonda, afadhali tubadilishane kitanda. Kesho yake akaanguka upya. Ikawa hivyo mara nne.

Safari ya tano, mama mkwe alizungumza nami huku amenipa mgongo, anamenya ndizi, maana kwetu mkwe hatazamwi usoni.

"Baba, usinielewe vibaya. Kila ukija, huyu anaumwa. Pumzika kwanza kuja."

Nilisikia nimeitwa mchawi. Hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia, mimi niliyejiona nimesoma. Nikamjibu kwamba kama binti yake anaumwa kwangu na kupona kwao, basi hataki ndoa, na abaki hapo hapo. Nikapanda baiskeli. Sikurudi.

Sikuoa tena. Msimu wa kuchuma kahawa, wanawake walipocheka mashambani kwa jirani, nilitoka nje kusikiliza kama sauti yake imo, ilhali nilijua yuko Kituntu. Barua niliandika nyingi, sikutuma hata moja. Nilingoja yeye aanze.

Binti yetu alipokaribia miaka kumi, tumbo lile lile likamjaa. Nilimpeleka hospitali ya misheni, na daktari mmoja mama wa makamo hakuanza na dawa. Aliniuliza mtoto anakula nini, tangu lini, na kama kuna mwingine katika familia aliyeumwa hivyo. Nilipomaliza kueleza, alisema wapo watu ambao ngano inaumiza utumbo wao, na chakula kinapita bila kuwafaa. Dawa yake ni kuacha mkate, chapati, maandazi na biskuti maisha yote, hata kipande cha kuonja. Ndizi, mihogo, wali na ugali wa mahindi havina neno.

Miezi michache baadaye mtoto alikuwa anakimbia. Ndipo nikaenda Kituntu.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mke wangu nilimkuta anapalilia kahawa, mzima, mikono imejaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi nyumbani. Kwanza aliuliza habari za mtoto. Kisha akasema:

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu niondoke na wewe. Nikasubiri uniite uniulize mimi."

Akasubiri kidogo, akainama tena kwenye jembe.

Hakurudi. Alikubali mtoto aende kwake kila likizo. Binti aliporudi, nilimwuliza habari za mama yake: alivaa nini, aliimba wimbo gani kanisani, alicheka nini. Alinijibu kwa subira mwanzoni. Baadaye akawa ananiambia, "Baba, nenda mwenyewe ukamwulize," naye akatoka kwenda kucheza.