Maneno Yaliyozuia Mlango

Mama Cherehani si mtu wa kutishika ovyo, lakini asubuhi ile alisita mlangoni mara mbili kabla ya kuingia kwa fundi wa kompyuta. Alitua mzigo wake mezani taratibu, akafunua kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake. Kioo cha kompyuta kikang'aa. Kwa miaka miwili alikuwa akikipangusa kila siku kabla hata hajanywa chai.

"Maneno ya marehemu mume wangu yamo humu," alisema. "Niwekee kwenye hii laptopu aliyonipa binti yangu."

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kisha akapasuliwa koo, na sauti ikaenda moja kwa moja. Mwaka wake wa mwisho walizungumza kwa kompyuta: yeye akichapa kwa kidole kimoja, mkewe akisoma na kumjibu kwa mdomo huku akishona. Kila jioni mzee aliyahifadhi maneno yake, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu. Wiki ileile aliyozikwa, kompyuta ikagoma kuwaka.

Fundi alikigeuza kioo, akakuna kichwa.

"Mama, hiki kinaonyesha tu, hakitunzi kitu. Sanduku lake liko wapi?"

"Sanduku gani tena, mwanangu?"

"Lile la chuma, lenye kitufe cha kuwashia."

Mama Cherehani akashika kiuno. "Mungu wangu! Si ndilo ninalozuilia mlango usipigwe na upepo!"

Na wewe usimcheke. Maneno aliyaona kwenye kioo. Angeyatafuta wapi kwingine?

Alirudi nyumbani mbiombio, nusura aache kiatu njiani. Sanduku lilikuwa palepale, limejaa vumbi, ubavu mmoja umebonyea kwa mateke yake mwenyewe. Wiki iliyopita tu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amelitamani. Alimnyima kwa sababu moja: mlango ungempigia kelele. Alipolikumbuka hilo alimshukuru Mungu kwa upepo.

Alipolifikisha, fundi alifungua skrubu, akachomoa diski nzito kama kipande cha tofali, akaiunganisha na laptopu kwa waya. Wakasubiri. Kimya.

"Imekufa?" Mama Cherehani akauliza.

"Bado, mama. Hii ni diski ya kompyuta ya mezani. Umeme wa laptopu hauishibishi. Inataka umeme wake yenyewe, wa ukutani."

"Basi imerithi tabia ya mwenyewe. Sahani moja haikuwahi kumtosha."

Fundi alicheka, akapekua droo mpaka akapata waya wa pili, akauchomeka ukutani. Diski ikakwaruza, ikanyamaza, kisha ikaanza kuvuma.

"Imesoma!" fundi akasema.

"Ahsante, mwanangu. Ahsante sana. Mikono yako ibarikiwe." Alimshukuru mpaka kijana wa watu akaona haya, akajifanya anatafuta bisibisi.

Maneno yalikuwemo yote, kurasa kwa kurasa, upande mmoja tu wa mazungumzo. *Chumvi umezidisha tena, lakini nimemaliza.*

"Muongo! Nilikuta nusu sahani," Mama Cherehani akajibu kwa sauti, kama alivyozoea, na fundi akageuka kuona anaambiwa nani.

Alishuka hadi ukurasa wa mwisho. Huo hakuwa ameusoma. Siku hiyo alikuwa ametoka kununua uzi, na aliporudi alimkuta mzee ameshahifadhi maneno yake, amelala kitini, akaizima kompyuta ili mwanga usimsumbue. Kesho yake mzee hakuamka.

*Umeenda kununua uzi. Nachapa upesi, maana ukiwepo utasema naaga. Nilipokuwa na sauti niliimaliza kwa honi na kelele, ahsante sikuwahi kukwambia. Nilidhani unajua. Ahsante kwa kunisoma. Ahsante kwa kunijibu kila neno, hata la upuuzi. Ukirudi nijibu na hili.*

Fundi alitoka nje bila kuambiwa. Mama Cherehani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasoma tena toka mwanzo. Kisha akainama karibu na kioo.

"Nimerudi, mume wangu," akasema. "Nimekusikia. Ahsante na wewe."