Sauti Iliyotoka Ng'ambo ya Lambo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenifikisha uzee huu nikiwa na akili zangu na masikio yangu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho haya, mchana, jua likiwaka. Usipoamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe ningependa yasiwe kweli.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Hapa Bariadi nilikuwa na duka la kanda, na kamera ya video niliyopigia picha za harusi. Wanafunzi wa sekondari wakaniomba niwasaidie kutengeneza sinema ya kijana anayeacha utoto. Aliyeitunga ni mkubwa wao, Nkwabi. Kijana mwenyewe angeigizwa na Masanja, mtoto mpole wa mfugaji wa Ngulyati, aliyefiwa na mama tangu akiwa mdogo.

Tulikwenda lamboni Ngulyati baada ya alasiri kupanga mwanzo wa sinema. Kamera hata sikuitoa mkobani. Nkwabi alitaka hivi: kijana anachunga ng'ombe kando ya lambo, mama anamwita kwa mbali, anaitika, anaiacha fimbo chini, anakwenda shule. Utoto umekwisha. Ilibaki kupata sauti ya mama.

Akatokea mwanamke kwenye ua wa minyaa. Akatusalimu, "Mwadila," akasema amesikia tunatafuta mtu wa kuita. Kasikia kwa nani? Tulikuwa peke yetu pale. Nkwabi alifurahi, akamwambia aite "Juma", jina la kijana wa kwenye sinema.

Mwanamke akasimama karibu yangu. Niamini: midomo yake ilikuwa hapa, sauti ikatoka ng'ambo ya maji.

"Gamba. Gamba, ng'wanone, mwanangu, njoo."

Masanja akageuka kama aliyechomwa na moto. "Naam, mayu," akaitika, yaani mama, na machozi yakamtoka. Baadaye baba yake alituambia kwamba Gamba ni jina ambalo marehemu mama alimwita Masanja, na hakuna mwingine aliyelitumia.

Watu wa kule wanajua, na Masanja alijua tangu machungani: ukiitwa na usiyemwona, huitiki mpaka uuone uso wake. Lakini Nkwabi alishaanza kupiga makofi. Liacheni jina hilohilo, akasema, ni zuri kuliko Juma. Rudieni. Nikamwambia sauti ile si ya kawaida, tuondoke.

"Ustadhi, hii ni sinema, si mawaidha," akanijibu. Wenzake wakacheka.

Wakarudia, wakarudia tena. Kila alipoitika, Masanja alizidi kunyong'onyea, na Nkwabi alizidi kufurahi. Kijana akaomba apumzike, kichwa kinamzunguka.

"Mtoto wa mama," Nkwabi akamwambia, naye alijua fika mama huyo yuko kaburini. "Itika mara moja nyingine, halafu ukanyonye."

Masanja akaitika. Kisha akaitika tena, na safari hii hakuna aliyemwita. Nikamtazama yule mwanamke. Mdomo ameufumba, anatabasamu. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, na kabla sijaimaliza, pale aliposimama palibaki vumbi tu, halina hata alama ya unyayo.

Sinema haikupigwa. Masanja hakurudi shule. Tangu siku ile hasikii akiitwa na aliye hai. Ukimgusa atakutazama, ukimwita hageuki. Nkwabi ana maisha yake mazuri, na nasikia husimulia kwamba hajapata kuona mwigizaji kama Masanja.

Nilikuwepo baba yake alipokuwa anakata roho. Masanja alikaa pembeni ya kitanda, goti lake linagusa shuka.

"Masanja," mzee akaita. "Masanja, baba, nipe mkono."

Hakugeuka. Mzee akakusanya pumzi iliyobaki, akamwita Gamba, lile jina alilopewa na mama yake. Kijana akainua kichwa. Tukadhani Mungu amemfungua.

"Naam, mayu," akasema, akasimama, akatoka nje kuelekea lamboni. Mzee alikufa kiganja kikiwa wazi.

Watu husema ni mama yake anayemwita. Mimi nimesomeshwa dini yangu: maiti harudi. Kinachomwita si mama yake, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiitwa kwa jina lako la mapenzi na usiyemwona, nyamaza mpaka uuone uso. Na Mwenyezi Mungu akujaalie wakuite wanaokupenda, na siku utakapowaita wewe, wakuitikie. Amin.