Paka wa Mafuta ya Nazi

Juzi nilikwenda Makorora kununua dawa ya kuku kwa daktari wa mifugo. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye paka wa manyoya marefu, ambayo kwa nyuma yalikuwa yamegandana na kinyesi.

"Unampaka nini?" daktari aliuliza.

"Mafuta ya nazi, kama nywele za wanangu."

"Ndiyo yanayonasa uchafu, mama. Nitamnyoa, lakini usimpake tena."

"Mnyoe, baba. Mume wangu kaapa, akichafua tena msala wake wa kuswalia anakwenda kumtupa Muheza."

Paka alinyolewa huku akilia. Mama akafuta machozi, akatoa kichupa kwenye mkoba.

"Maskini, ngozi imemkauka. Nimpake kidogo tu?"

Daktari alinitazama. Kwa mapenzi yale, Muheza paka atafika.