Ubeti Uliohamisha Uwanja

Kwetu Tanga muziki husikilizwa watu wamekaa. Taarabu ikipigwa unatulia kwenye kiti chako, ubeti ukikugusa unainuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, kisha unarudi kukaa. Nilipoolewa Bariadi nilidhani dunia nzima ndivyo ilivyo. Aliyenitoa ushamba ni baba mkwe, ingawa kwa desturi yao mke wa mtoto hazoeani na baba mkwe, na mimi naye hatukuvuka salamu.

Mzee huyo alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Pamba ikishauzwa, vikundi viwili huitwa kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji huhama huku na huku, na kikundi kitakachobaki na watu wengi jua likizama ndicho kimeshinda. Miguu ya mtu ndiyo kura yake. Mume wangu aliponieleza hayo nilicheka, nikamwambia kwetu kumpa mgongo mtu anayeimba ni kukosa adabu.

Mwaka juzi mzee alitangaza mbele ya ukoo kwamba akishindwa tena nyumbani, ngoma anaiacha. Msimu uliotangulia alikuwa ameshindwa vibaya. Mama mkwe alinidokeza kwamba hizo si hasira za kupita. Watoto wote wana shughuli zao mjini, ng'ombe wana mchungaji, mzee akiiacha ngoma atabaki na nini? Nikaanza kumwonea huruma, na huruma ikazaa ushabiki, mimi niliyekuwa nikisema ngoma zao ni vumbi tupu.

Tulikuwa tukikaa kwake, pembezoni mwa mji, na mazoezi yalifanyika nyuma ya nyumba. Mimi nina mazoea ya kuimba nikipika, taarabu za kwetu, na sikujua kama kuta za jiko lile zina masikio. Jioni moja nilikuwa nasonga ugali nikasikia mzee anaimba kwa Kisukuma, lakini sauti inapanda na kujikunja mwishoni vilevile ninavyoikunja mimi. Alikuwa ameichukua sauti yangu na kuiweka juu ya ngoma ya jembe, ile inayopigwa watu wakilima pamoja. Mama mkwe akanitafsiria: ubeti ule ulikuwa unamkaribisha mtu aliyetoka mbali. Nilifurahi mpaka ugali ukaungua, na sikujali.

Siku ya mashindano wapinzani walikuwa vijana kutoka Meatu. Walikuja na chatu wa kucheza naye, na walikuja na spika iliyochomeka singeli ya Dar es Salaam katikati ya ngoma zao. Mzee alianza vizuri. Majembe yalirushwa juu yakadakwa, njuga zikalia miguuni, na watu wakajaa upande wetu. Kisha akaingia kwenye ubeti ule.

Ilibidi wachezaji wapunguze mwendo, na uwanja haukupenda. Wa kwanza kuondoka alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wakafuata vijana, halafu hata majirani zetu tunaoazimana nao chumvi. Mpiga ngoma mkubwa akamwinamia mzee sikioni, na hakuna asiyejua alichomwomba. Mzee akatikisa kichwa, akaurudia ubeti. Akaurudia tena, taratibu zaidi. Moyoni nilimsihi auache. Niliwakasirikia wote waliohama, lakini zaidi nilikikasirikia kile kisauti changu cha jikoni. Nani alikiomba kije kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu wake?

Jua lilipozama tulibaki sisi watu wa nyumbani na wazee wachache. Mzee akawashukuru wachezaji wake mmoja mmoja, wabeja, wabeja, kisha akavuka uwanja na kumkabidhi kiongozi wa wale vijana usinga wake wa kuongozea ngoma. Hakuna aliyeuliza maana yake. Mama mkwe alijifunga khanga upya, akasema twendeni tukapike.

Nyumbani mzee alikaa nje peke yake, akakataa chakula. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwomba mama mkwe amuulize kwa nini hakuuacha ubeti ule alipoona watu wanahama. Alinitazama kidogo kama anayepima kama ni heri au shari, kisha akatoka. Nikasimama nyuma ya mlango.

Mzee hakujibu kwa Kisukuma. Alijibu kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Muulize kama yeye alihama."