Thelathini na Mmoja Mgongoni

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi saa mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, ndipo akageukia simu. Hakuoa. Akiulizwa sababu alisema hajampata anayeweza kunyamaza kuliko yeye. Kumbe alikuwa naye: nge mweusi, mnene kama kidole gumba, aliyemkuta ndani ya boksi la vioo vya simu akamweka katika kasha la kioo alilokuwa akipangia saa za kuuza. Yeye alimwita Bibiye. Mimi nilimwita balaa.

Nilihamia kwake na mwanangu wa miezi miwili, kwa kuwa mume wangu alikuwa safarini kikazi na paa letu lilikuwa likivuja. Chumba nilichopewa ndicho alichofanyia kazi: meza yake dirishani, godoro langu ukutani, kasha la Bibiye katikati. Mama alikuwa amenionya kwamba kaka yake ana roho nzuri na akili za peke yake. Nikajisemea mgeni hachagui, nikatandika.

Wiki ya pili Bibiye akazaa. Watoto weupe, wadogo kama punje za mchele, wakampanda mgongoni mmoja mmoja, wakajipanga, wakatulia. Mjomba akavaa lenzi yake ya jichoni akawahesabu kama anavyohesabu skrubu: thelathini na mmoja. Simu ukiifunga na skrubu moja ikabaki mezani, alikuwa akisema, simu hiyo itarudi tu. Kwa hiyo kila adhuhuri alifungua kifuniko, akamnywesha Bibiye kwa kipande cha pamba mbichi kwenye kibano, akahesabu upya. Sauti yake ililainika hapo mpaka nikaona wivu, maana mwanangu hakuwahi kumbembeleza hivyo. Alinikataza kugonga kasha, kwa sababu nge akishtuka huwala wanawe.

"Mama gani huyo?" nikamwuliza.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," akajibu, wala hakucheka.

Siku ya nne tangu Bibiye azae alimaliza kunywesha, na kwa kibano kile kile akaninyofolea uzi uliochomoza kwenye mbeleko yangu, maana hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha. Kesho yake akahesabu mara tatu. Thelathini. Hakuniambia neno. Nilijua nilipomkuta amepiga magoti, anakung'uta nepi za mtoto moja baada ya nyingine.

Nilimpandishia sauti, sikumbuki yote niliyosema. Aliendelea kukung'uta nepi mpaka nikaishiwa. Kisha akaeleza kwamba mwiba wa nge yule haumuui mtu mzima. Kuhusu mtoto wa miezi miwili hakusema kitu. Nilitaka kufunga mizigo, akanizuia: ningeweza kumfunga humo humo mizigoni yule nge mdogo, nikamfungulie mbele ya safari. Alikuwa na taa ya zambarau ya kukaushia gundi ya vioo, na chini ya taa ile nge hung'aa kijani hata ajifiche vipi. Ila nge mchanga hang'ai mpaka ajivue gamba lake la kwanza. Tusubiri siku chache, akasema, atajionyesha mwenyewe.

Basi nikaapa mwanangu hatagusa godoro wala sakafu. Nilimbeba mgongoni mchana kutwa, nikasinzia nimekaa, yeye kifuani, tumezungushiwa mbeleko ile ile. Kufua kulisubiri, maana niliogopa kuitua popote. Ndani ya kasha Bibiye naye hakumweka wake hata mmoja chini. Tulishinda tukitazamana. Siku ya tatu ya kumbeba hivyo nilijikuta nakaa anavyokaa, uso ukutani, na akigeuka nami nimegeuka. Nilimchukia kwa sababu nilimwelewa.

Siku ya sita ya kumbeba, watoto wa Bibiye wakajivua. Saa sita mchana Mjomba akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa magazeti, akawasha taa. Bibiye akawaka kijani, na mgongo wake wote ukawaka. Mjomba akamulika godoro, mapazia, viatu, chini ya meza. Giza tupu. Nikashusha pumzi, nikageuka kutafuta kitasa cha mlango, na taa ikanifuata.

"Mpwa wangu," akasema polepole, "usigeuke tena. Simama hapo hapo."

Niliona kivuli changu ukutani, na kivuli cha mkono wake kikija na kibano, kikitetemeka. Mwanangu alikuwa akinipumulia shingoni. Kibano kikatulia. Kikagusa pindo la mbeleko, chini kidogo ya sikio lake, kikaondoka.

Nge mdogo alikuwa amekaa pale tangu siku ile ya uzi, kwenye mgongo uliokuwa karibu. Mimi niliyeapa kutomtua mwanangu ndiye niliyewabeba wote wawili.

Mjomba akamteremsha taratibu ndani ya kasha. "Thelathini na mmoja," akanong'ona, na machozi yakamtoka, mzee ambaye sikuwahi kumwona akilia. Bibiye akanyoosha magando, akampokea. Akamgeuza huku na huku. Kisha akaanza kumla, bila haraka, na wale thelathini mgongoni hawakutikisika.

Mjomba alisema labda yule mdogo alikuwa ananuka harufu ya mtu. Hakuizima taa mpaka Bibiye alipomaliza.

Niliondoka jioni ile. Mwanangu sasa anatembea, lakini akichoka nikimbeba, bado napeleka mkono nyuma kuhesabu. Ninaye mmoja tu. Kuna siku napata wawili.