Simu Begani

“Mama, gauni lako lisubiri, bega hili limerogwa!” alinifokea fundi wetu wa cherehani hapa Mkolani. Gauni aliniahidi kwa Pasaka, na sasa Sabasaba inakaribia. Huyu hushona ameinama, simu kaibana kati ya sikio na bega, akidanganya wateja. Nikambonyeza penye maumivu. Msuli mgumu kama mwamba, akaruka. “Mchawi wako ni simu, mwanangu!” Nikamkanda, nikapasha kitambaa kwa pasi yake ya mkaa nikamwekea, nikamwamuru anyooshe shingo kila asubuhi. Alinuna. Lakini simu ikahamia mezani, spika wazi, mtaa mzima ukawa unausikia uongo wake. Wiki chache baadaye nilipopita alinigeukia kwa shingo tu, si kwa kiwiliwili kizima kama zamani. “Shikamoo mama. Gauni lako hili hapa, nimelipiga na pasi.”